Ncha Inayolaza Matumba



Ndugu zangu katika imani, anayesafiri kutoka Kigali kwenda Gatuna hupita bonde la Mulindi, kule Gicumbi, lililojaa chai. Zao hili limo nchini mwetu tangu 1952. Mchai ukiachwa huwa mti wa mita kadhaa. Mulindi haupiti kiuno cha mchumaji, kwa sababu kila wiki moja au mbili majani mawili na kichipukizi cha juu huchumwa.

Katika kila kwapa la jani Mola ameweka tumba, tawi zima lililolala. Kinacholilaza ni ncha ya juu. Ncha hutengeneza homoni iitwayo oksini, inayoteremka shinani na kuzuia matumba yasiamke. Tena sukari nyingi huvutwa juu. Miaka ya 1930 Thimann na Skoog walikata ncha ya mmea wa jamii ya maharage, wakaweka oksini pale palipokatwa. Matumba yakabaki yamelala, kana kwamba ncha ingalipo.

Ncha haina uadui na matumba. Inafanya kazi yake tu, tena vizuri, na hapo ndipo ninapoiogopea jumuiya yetu. Ndugu mmoja hodari wa mwaka wa nne ndiye anayetoa darsa, ndiye mweka hazina, ndiye mpishi wa futari. Tunamwombea dua, kisha tunalala. Akihitimu, nani anajua hata ufunguo wa chumba cha sala uko wapi?

Umar (r.a.) alimwondoa Khalid bin Walid kwenye uamiri ilhali hajashindwa vitani. Hakumtuhumu khiyana; alichelea watu wasije wakamtegemea Khalid badala ya Mola wao. Khalid naye, alipowekwa chini ya Abu Ubayda, aliendelea kupigana. Na Mtume (s.a.w.), karibu na kufariki kwake, alimkabidhi jeshi Usama bin Zayd, kijana asiyetimiza miaka 20, na masahaba wakubwa wakiwa chini yake. Wapo walionung'unika.

Nasi tutanung'unika. Shamba la chai likipogolewa sana hubaki vijiti, na kwa majuma hakuna cha kuchuma. Basi nyinyi wa mwaka wa nne, darsa ya juma lijalo mpeni mdogo wenu wa mwaka wa kwanza. Atababaika, atasahau aya katikati. Kaeni nyuma, mumtajie kwa upole, kisha mwacheni aendelee.