Ila Iliyofichika Katika Kitu Kipya

Imekuwa desturi ya maduka mengi, ya pwani na ya bara, kupiga chapa juu ya risiti maneno ya kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Na wanunuzi wakiyasoma huinamisha vichwa, wakadhani ya kuwa hiyo ndiyo hukumu na mlango umefungwa. Wala si hukumu. Ni wino, na yapasa kutazamwa wino huo una nguvu kadiri gani mbele ya sharia.

Na ichukuliwe mithali ya mtu wa Narung'ombe, katika wilaya ya Ruangwa, aliyeuza ufuta wake akapata fedha, akasafiri hata Dar es Salaam, akanunua Kariakoo kompyuta mpya iliyo ndani ya sanduku lake, ili afungue kazi ya kupiga chapa barua za watu na mitihani ya shule. Akarejea nayo, na kwa muda wa wiki tatu ikafanya kazi vizuri. Kisha ikaanza kuwa nzito. Maandishi yaliyohifadhiwa yakakataa kufunguka. Na ndani yake ukasikika mlio wa tiki, tiki, mfano wa saa ya ukutani. Fundi akatega sikio, akasema: diski inakufa.

Diski hiyo ndiyo ghala ya kompyuta, ndimo yawekwamo yote yaliyoandikwa. Ndani yake mna sahani nyembamba zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa kila dakika, na juu yake kichwa kidogo cha kusomea, kiendacho bila ya kuzigusa, kwa nafasi iliyo ndogo kuliko unene wa unywele. Kichwa hicho kikishindwa kupata mahali pake hurudi nyuma kikajaribu tena na tena, na huo ndio mlio usikikao. Ila ya namna hii mwuzaji hakuiona, wala mnunuzi hakuiona, kwani sanduku lilifungwa tangu kiwandani. Basi ila ambayo hapana aliyeiona, hasara yake ni ya nani?

Wengi hujibu upesi ya kuwa mwuzaji hakudanganya, kwa hiyo hana la kudaiwa, na mnunuzi ashukuru Mungu kwa aliyoandikiwa. Wasemao hivi wamechanganya mambo mawili, dhambi na dhamana. Ni kweli kwamba mwuzaji asiyejua hana dhambi. Dhambi ni ya yule ajuaye akanyamaza, na khabari ya Mtume (S.A.W.) na lile fungu la nafaka ni mashuhuri: alitia mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji, na mwenye mali akaambiwa kwamba ilimpasa kuuweka juu ule uliorowa ili watu wauone, na kwamba mwenye kughushi si katika umma huu. Lakini kutojua huondoa dhambi tu. Dhamana hubaki palepale. Kwani mnunuzi ametoa bei ya kitu kizima, wala hakutoa bei ya kitu kibovu, na uzima wa kitu ni sharti lililomo ndani ya mauzo hata lisipotamkwa. Likikosekana, fedha ile imechukuliwa kwa kisichokuwapo. Mwuzaji akisema, "Nami nilikinunua hivyo hivyo," huwa amesema kweli. Naye amrudie aliyemwuzia, na yule amrudie wa nyuma yake, hata ila ifike kwa aliyeiunda. Haijuzu mnyororo huo ukatike kwa mtu wa mwisho, aliye dhaifu kuliko wote.

Ama yale maneno ya risiti, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani, wameyazungumza tangu zamani chini ya mlango wa kujivua na ila. Na kauli yenye nguvu kwao, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, 1277 wa Miladi, ni kwamba mwuzaji akishurutisha kuvuliwa na kila ila, sharti lake humfaa katika mnyama peke yake, kwa ila ya ndani asiyoijua. Katika bidhaa nyingine halimfai. Sababu yao ni kwamba mnyama hula na kuugua na hali yake kugeuka, kwa hiyo ni nadra asiwe na ila iliyofichika. Kompyuta haili majani. Na hata katika chenye uhai, Abdullah bin Umar aliwahi kuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujivua, na mnunuzi akashitaki ugonjwa ambao hakutajiwa. Sayidna Uthman akamtaka Ibn Umar aape ya kuwa hakuujua. Naye akakataa kuapa, akamrejesha kwake. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara auze kitu kifaacho kuuzwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imewekwa pamoja na mengine kumlinda mlaji.

Lakini haki ya mnunuzi ina masharti, na hapa ndipo watu wengi hupoteza haki zao kwa mikono yao wenyewe.

La kwanza ni upesi. Akishajua ila, yampasa kurejesha bila ya kukawia, kwa kadiri ya ada: akiwa katika sala amalize, akiwa anakula ashibe, ukiwa ni usiku ungoje kuche. Na afadhali hapa isimamwe kidogo, kwani mtu wa Narung'ombe si jirani wa Kariakoo. Kutoka Dar es Salaam hata Lindi peke yake ni kadiri ya kilomita 450, na kabla ya kufunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na mvua zikizidi safari ilisimama. Mafakihi hawakumsahau aliye mbali. Wamesema mwuzaji asipokuwapo mjini, mnunuzi apeleke jambo kwa hakimu, na njiani ashuhudize watu ya kwamba amekwisha kuvunja mauzo. Basi mtu huyu na aite waadilifu wawili, wasikie mlio, wamsikie akisema kwamba amerudisha. Kisha ampigie mwuzaji simu, amwandikie na ujumbe wenye tarehe. Kunyamaza miezi miwili hata msimu wa korosho uishe ndipo aende ni kuridhia.

La pili, aache kukitumia. Mafakihi wameandika hata ya kwamba mtu akijua ila ya mnyama, kisha akamwachia tandiko mgongoni alipokuwa akimpeleka kumrejesha, haki yake imeanguka. Na huyu ambaye amekwisha ambiwa na fundi, kisha akaendelea kupiga chapa mitihani "mpaka Ijumaa tu", tandiko lake ni lipi kama si hilo?

La tatu ni jambo jipya lililotukia mkononi mwake. Kompyuta ikiwa ilianguka kutoka juu ya basi, hana haki ya kuirejesha kwa nguvu. Hubaki suluhu, au fidia ya upungufu. Ama kulikata sanduku na kuuvunja muhuri wake hakumdhuru, ijapokuwa wenye maduka hupenda kukitaja kitendo hicho kama jinai. Minhaji imetoa mfano ambao kila mtu wa pwani anaujua: nazi. Ubovu wa nazi haujulikani ila kwa kuivunja, na aliyeivunja akaiona mbovu huirejesha bila ya kulipa kitu kwa ajili ya kule kuivunja. Lakini aliyevunja zaidi ya haja hana udhuru. Aliyekwisha usikia mlio, kisha akatwaa bisibisi akaifungua diski yenyewe ili azione sahani, amevunja zaidi ya haja, kwani chembe moja ya vumbi yatosha kuiua.

Na wakikhitalifiana, mwuzaji akasema ila imezuka Narung'ombe, mnunuzi akasema imetoka nayo dukani, asili ni kwamba husadikiwa mwuzaji kwa kiapo chake, isipokuwa kitu chenyewe kitoe ushahidi usiokubali shaka. Diski hutoa ushahidi. Imeundwa ikiandika daftari la mambo yake: imewashwa saa ngapi tangu ilipotoka kiwandani, na sehemu zake ngapi zimeharibika. Fundi mwenye programu ya kulisoma hulisoma kwa dakika chache. Wiki tatu hazina zaidi ya saa 504, hata kama kompyuta haikuzimwa usiku wala mchana. Diski ikikutwa na saa 9,000, basi haikuwa mpya siku iliyouzwa, na shauri limetoka katika ila iliyofichika likaingia katika ghushi, japokuwa wapo wadanganyifu wajuao kulifuta daftari hilo.

Kuna njia nyingine, na ndiyo imjiayo mtu usiku akiwa amelala hana usingizi: kuipangusa kompyuta vumbi, kuirudisha katika sanduku lake, na kumwuzia mwalimu wa Nachingwea kwa bei nzuri bila ya kumtajia mlio. Yeye amedhulumiwa, huona, na kwa hiyo amepata ruhusa. Hakuipata. Alipoinunua hapana aliyejua, na sasa yuko ajuaye. Mwuzaji wa Kariakoo huenda akawa hana dhambi, na huyu hawezi kuikosa. Akitaka kuiuza na aiuze, aseme diski yake ni mbovu, apokee bei ya kitu kibovu. Na ni ajabu kwamba mtu huyo huyo msimu uliopita alisimama ghalani akaona magunia ya ufuta ya mwenziwe yakikataliwa kwa mchanga uliomo, akasema wamefanya vyema.

Limebaki suala la malipo aliyopokea katika zile wiki tatu kabla ya kujua. Hayo ni yake, hayakatwi katika bei atakayorejeshewa, kwani muda huo kompyuta ilikuwa juu ya dhamana yake, na lau ingaliungua moto hasara ingalikuwa yake. Ila barua za watu zilizomo ndani ya diski si zake wala si za mwenye duka. Azitoe zile zinazotoka, na zile zisizotoka amwombe fundi azifute mbele ya macho yake kabla ya kuipeleka stendi.