Je, Msamaha Una Mpaka wa Nchi?

Mifumo ya elimu ya nchi zetu hailingani. Mtoto wa Tanzania huingia sekondari baada ya darasa la saba. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 alimaliza kwanza darasa la nane. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari tunageukia Kiingereza. Wenzetu huanza Kiingereza mapema zaidi. Hizo ni tofauti za mipango, wala hakuna anayehitaji kuzitubu. Lakini ilikuwapo tofauti moja iliyogusa dhamiri, na swali lake bado tunaishi nalo.

Tuchukue mfano wa wasichana wawili wa mwaka 2018, wote wa kidato cha pili, wote wajawazito. Mmoja anasoma Kahama, jirani na mgodi wa Buzwagi. Mwenzake anasoma Kisumu. Yule wa Kisumu akishajifungua, mwongozo wa nchi yake wa tangu mwaka 1994 unamruhusu kurudi darasani. Yule wa Kahama anafukuzwa shule. Wala si lazima kuvuka mpaka wa Sirari ili kuiona tofauti hiyo, kwa maana Zanzibar, iliyo ndani ya Jamhuri hii hii, iliruhusu wasichana kurudi tangu mwaka 2010. Kosa ni lile lile, umri ni ule ule, na Mungu ni mmoja. Je, msamaha unaweza kutegemea mahali mtu alipozaliwa?

Novemba 2021 serikali yetu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kwa upande wa sheria, swali lilijibiwa. Kwa upande wa mioyo yetu, bado. Hata leo wapo waumini wanaosema kwamba kumrudisha binti aliyezaa ni kuwaambia wengine kuwa dhambi haina gharama. Wanauliza: huyu aliyejitunza atajionaje, akikalishwa dawati moja na aliyeanguka?

Hoja hii isidharauliwe. Ni hoja ya mzazi anayehangaika kulea mabinti katika mji wa machimbo, ambako fedha huja kwa haraka na vishawishi huja pamoja nazo. Lakini tumekwisha kuisikia mahali pengine. Ni malalamiko ya kaka mkubwa katika Luka 15, aliyekataa kuingia nyumbani kwa sababu mdogo wake amepokewa. Baba hakumwambia kwamba mdogo alifanya vyema. Wala hakumnyang'anya mkubwa kitu chochote. Alichokataa ni jambo moja tu: kwamba heshima ya aliyebaki nyumbani ilindwe kwa kumfungia nje aliyerudi.

Tena gharama ipo, na binti ameshailipa. Amebeba mimba katika umri mdogo, amejifungua kwa uchungu, ana mtoto anayelia usiku. Swali ni kama tunayo haki ya kuongeza juu yake adhabu ya maisha yote. Na mwanamume je? Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Elimu inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Hata hivyo tunajua jinsi mambo yanavyomalizwa kifamilia, kwa ng'ombe na kwa ukimya. Waliomleta yule mwanamke mbele ya Yesu, katika Yohana 8, nao walimleta peke yake, kana kwamba alitenda dhambi bila mwenzake. Adhabu inayomfikia mmoja tu kati ya wawili hulinda aibu ya wakubwa; haiwezi kuitwa ulinzi wa maadili.

Wachimbaji wadogo wa kwetu wana neno: marudio. Ni mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha, wengine wakauona umekwisha, kumbe dhahabu bado imo. Mgodi wenyewe wa Buzwagi, baada ya uchimbaji kukoma, uliendelea kuchenjua mawe yaliyokuwa yamerundikwa kando, hadi ulipofungwa mwaka 2021. Ikiwa tunajua kurudia mchanga kwa ajili ya punje ndogo ya dhahabu, tutashindwaje kumrudia binti aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu?

Kanisa lina sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Muumini akianguka, hutengwa kwa muda, hufundishwa, kisha hupokewa tena mezani. Hatujawahi kusema kwamba kumpokea ni kuisifia dhambi yake. Basi utaratibu tunaoukubali madhabahuni tusiukatae shuleni.

Ila waraka wa serikali hufungua lango la shule tu. Hauwezi kumnyamazisha anayemcheka binti darasani, wala kumbeba mtoto wake saa za masomo. Hiyo ni kazi yetu. Mama wa kanisa anaweza kumlea mtoto hadi mchana. Vijana wanaweza kuacha kumwita mwenzao kwa jina la aibu. Mwalimu Mkristo anaweza kumuuliza somo kama anavyowauliza wengine. Nao wazee wa kanisa, jirani anapokuja kuomba jambo limalizwe kimya kimya kwa ng'ombe wawili, wakatae kukaa kikao hicho.