Walinzi wa Tumboni ni Amana

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu katika imani, kila mitihani inapokaribia hapa Kampala nasikia swali lilelile mabwenini: "Tumbo linanisumbua, nani ana vidonge?" Mwenzake anafungua mkoba, anatoa antibayotiki zilizobaki tangu mwezi uliopita, anagawa kama peremende. Tunaita huo udugu. Mimi nasomea maabara ya tiba, na naomba tuupime udugu huo kwa mizani ya amana.

Allah ameweka matumboni mwetu bakteria wengi mno, idadi inayokaribiana na ya seli zote za mwili. Wengi wao si maadui. Wanakalia nafasi na kula chakula ambacho vijidudu vya maradhi wangekipata. Wengine hutengeneza asidi inayowazuia maadui hao, na huzizoesha seli za kinga zilizo kwenye ukuta wa utumbo kukaa macho. Ukila chapati na mayai ya barabarani iliyoshikwa kwa mkono mchafu, wao ni miongoni mwa walinzi wa kwanza mlangoni.

Mwaka 1954 watafiti wa Chicago walionyesha thamani ya walinzi hao. Kwa kawaida panya wa maabara alihitaji kumezeshwa salmonela wapatao 100,000 ndipo maambukizi yashike. Walipompa kwanza dozi moja ya streptomaisini, hata chini ya 10 walitosha. Adui hakuongezewa nguvu. Walinzi ndio waliouawa.

Sisemi kwamba antibayotiki ni haramu. Homa ya matumbo inaua, na aliyepimwa akaandikiwa dawa aimeze na aimalize. Ninachokikataa ni kumpa ndugu yako dawa bila kujua anaumwa nini. Mtume (s.a.w.) ametukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, nasi tutaulizwa Siku ya Kiyama miili yetu tuliitumiaje.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 66, Allah anatuita tuyatafakari maziwa: yanatoka kati ya kinyesi na damu, nayo ni safi. Wafugaji wetu wa Ankole kwa vizazi vingi wameyagandisha, na hapa mjini tunayanunua kwa jina la bongo. Ndani yake mna bakteria wa asidi ya maziwa, jamaa wa wale walinzi. Chagua yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza, na usiyachemshe tena baada ya kuganda, maana moto utawaua. Hayo ni chakula cha kusaidia kinga. Hayachukui nafasi ya daktari.

Wala tusiseme tu, "Allah atanilinda." Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru aliambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Tunaonawa kwa ajili ya Swala mara tano kwa siku, tutashindwaje kunawa kwa sabuni kabla ya kula?

Ndugu yako akiumwa tumbo leo usiku, mpe maji na chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, kisha umsindikize zahanati. Huo ndio udugu.

Ewe Mola wetu, tupe afya ya kukuabudia na elimu yenye manufaa. Amin.