Ufa na Tarehe Yake

Mjukuu wangu aliniuliza swali ambalo nilidhani ni jepesi. Alikuwa amejiundia kibodi ya kompyuta kwa mikono yake mwenyewe, kwa fedha ambazo mimi ningenunulia mbuzi kadhaa na chenji ikabaki. Vitufe alivinunua mahali pamoja, swichi mahali pengine, na ganda la kuvibeba vyote lilitoka ng'ambo baada ya kungojwa miezi minane. Ganda hilo ni la plastiki iitwayo polikaboneti, limechongwa kutoka katika bamba moja nene, nalo lina weupe wa ukungu kama kioo cha dirisha la bafuni. Muuzaji alimwandikia kwamba litadumu maisha yake yote.

"Babu," akasema, "wewe ulifundisha kemia. Hii ni kweli?"

Nilimjibu kama mwalimu. Polikaboneti si plastiki ya mchezo. Iligunduliwa mwaka 1953 na wakemia wa makampuni mawili yasiyojuana, Bayer huko Ujerumani na General Electric huko Marekani. Kofia za angavu walizovaa wanaanga waliofika mwezini mwaka 1969 zilikuwa za polikaboneti. Ngao za polisi wa kutuliza ghasia ni hiyo hiyo, na santuri zile ndogo za kung'aa tulizoziita sidii ni hiyo hiyo. Ukiigonga kwa nyundo, inajikunja kabla ya kuvunjika. Kitufe cha kibodi yake hubonyezwa kwa nguvu ya gramu 45 hadi 60 hivi. Vidole haviwezi kuiua.

Nikamweleza pia maadui wake. Jua huifanya manjano pole pole, isipokuwa imechanganywa na dawa ya kuikinga. Huchubuka upesi kuliko kioo. Na tena haipendi baadhi ya vimiminika: asetoni iliyomo katika dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha, amonia iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, na hata zile gundi za maji maji ambazo mafundi hutia kwenye skrubu ili zisilegee.

Kuhusu neno "maisha yote" nilisita. Magamba ya aina hii yameenea kwa wapenzi wa kibodi miaka ya karibuni tu. Hakuna aliyekwisha kuliona moja likiwa na umri wa miaka 40. Muuzaji hakusema uongo, lakini hakusema ushahidi pia. Alisema tumaini lake. Kibodi za zamani zina mafunzo zaidi. IBM walianza kutengeneza ile waliyoiita Model M mwaka 1985, nzito ya kuweza kumtoa mwizi jeraha, na nyingi bado zinaandika mpaka leo. Kinachozishinda mara nyingi si lile ganda linaloonekana, wala springi zinazofanya kazi kutwa. Ni vijipini vidogo vya plastiki vilivyofichwa ndani, vinavyoshikamanisha mabamba, ambavyo hukatika kimoja kimoja bila mwenye kibodi kujua.

Hapo mjukuu akauliza tena. Kwa nini kitu kipasuke wakati hakuna aliyekigusa?

Nikamweleza mkazo. Skrubu ikikazwa kupita kiasi, plastiki inayoizunguka huvutwa na kubaki imevutika, mchana na usiku. Huoni kitu. Kisha siku moja hupita kitambaa chenye dawa isiyofaa, kikafuta vumbi, kikaondoka. Bado huoni kitu. Baada ya juma, au miezi, ufa mwembamba kama unywele hutokea kwenye tundu la skrubu, na aliye karibu siku hiyo ndiye anayeulizwa. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, ila walikuwa wanasema juu ya ufa unaoonekana.

Nilipofika hapo nikanyamaza. Mjukuu alidhani nimechoka.

Mwaka 1997 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Katika karakana yetu kulikuwa na mashine ya kunolea patasi, yenye kinga angavu ya polikaboneti mbele ya jiwe ili cheche zisimfikie mtu machoni. Asubuhi moja kinga ile ilikutwa imepasuka kutoka skrubu hadi skrubu. Ufunguo wa karakana alikuwa nao mtu mmoja, fundi wetu. Nilimwita. Alisema, "Mkuu, sikuigonga." Nikamwuliza, kama hukuigonga, imepasukaje? Hakuwa na jibu. Mimi, mwenye shahada ya kemia, nikachukua kukosa jibu kuwa ni kukiri. Nilimwandikia barua ya onyo yenye neno "uzembe" mara mbili, nikamkata nusu ya mshahara wa mwezi, na nakala ikaenda katika jalada lake.

Wiki chache kabla ya hapo tulikuwa tumetembelewa na wakaguzi. Mimi ndiye niliyeagiza kila kinachong'aa king'arishwe. Mimi ndiye niliyetoa stoo chupa za dawa ya vioo, ile yenye harufu ya amonia inayochoma pua. Kijitabu cha mashine kilikuwa kabatini mwangu, kimefungiwa pamoja na funguo za akiba. Sikukifungua.

Skrubu alizikaza yeye. Sitaki kumtakasa kupita ukweli. Pengine alizikaza mno, kama mafundi wengi wafanyavyo kwa kuogopa kulaumiwa kitu kikilegea. Na siwezi kuthibitisha leo kwamba ni amonia iliyoipasua. Lakini siku ile nami sikuwa na uthibitisho, na haikunizuia. Ndiyo maana siwezi kujifariji kwa kusema sikujua. Kutojua kwangu na kutojua kwake kulikuwa sawasawa. Tofauti ni kwamba kwake kuliitwa uzembe na kwangu kukaitwa uongozi. Nilihukumu mkono wa mwisho kwa kuwa ulikuwa karibu na ufa, na kwa kuwa haukuwa mkono wangu.

Wapo watakaosema nimezidisha mambo, nusu mshahara wa zamani namna ile. Nilijiambia hivyo pia kwa siku kadhaa. Kisha nikapanda basi.

Nilimkuta kwao, ana miaka zaidi ya 80, anachonga mipini ya majembe. Alinipokea kwa heshima ile ile, akaniita Mkuu, akaagiza chai. Nikamweleza habari ya mkazo na amonia mpaka mwisho. Alisikiliza huku akipapasa mpini. Nilimpa bahasha, akaiweka chini ya kikombe bila kuifungua.

"Fedha nilishazisahau, Mkuu," akasema. "Nilipoomba kupandishwa cheo waliisoma ile barua. Bado imo?"

Sikuwa nimewahi kujua kwamba aliomba cheo.

Niliporudi niliandika chuoni kuomba barua ile iondolewe. Ofisi ilinijibu kwa adabu kwamba karatasi haitolewi jaladani, ila nyingine yaweza kuongezwa. Basi nilikwenda kwa mjukuu wangu. Alikuwa amezilegeza skrubu za ganda lake na kuzirudishia kwa vidole viwili, mpaka ziliposhika tu. Akanisogezea kiti na ile kibodi. Vitufe vyake vina sauti nzito ya upole, kama mvua ya kwanza juu ya majani ya mgomba. Nikaanza na tarehe ya barua yangu ya mwaka 1997, kisha jina lake kamili, kisha neno "uzembe", na mbele yake nikaandika ni la nani.