Kidonda cha Siku ya Sita

Tuchukue nyumba moja ya kijiji cha Wema, deltani, chini ya miembe, hatua chache tu kutoka mashamba ya mpunga. Jiko ni mafiga matatu sakafuni, na sufuria ya chai inayotokota imefika kimo cha kifua cha mtoto wa miaka mitatu. Mtoto akashika ukingo. Chai ikammwagikia begani, kwapani na kifuani, upande wa kulia.

Mama yake aliruka na kata ya maji. Mkwewe akamzuia.

"Usimtie maji, mwanangu, atatoka malengelenge."

"Mama, mtoto anaungua!"

"Tulia. Mimi nimelea saba."

Kiangazi, mifugo inaposhuka deltani kunywa, mavi ya ng'ombe hayatafutwi mbali. Bibi aliyachanganya na majivu, akampaka mjukuu wake kwa mkono mwepesi, kisha akamfunika kwa kitambaa cha leso kuukuu. Mimi simlaumu bibi huyu. Alifanya alichofunzwa, tena kwa mapenzi, na waliopaswa kumfunza vingine hawakufika. Lakini maji aliyoyazuia ndiyo yaliyokuwa dawa: maji safi ya baridi, si barafu, yanayotiririka juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Hata saa tatu zikiwa zimepita tangu ajali, bado yanasaidia.

Siku mbili za mwanzo kidonda kilionekana kitulivu, na nyumba nzima ikashukuru. Utulivu huo una sababu yake. Ngozi yetu ni shamba lenye wenyeji, bakteria wengi wasiotudhuru, ambao kwa kuikalia nafasi yao huwazuia wageni wabaya. Moto huwaua wenyeji hao pamoja na ngozi yenyewe. Shamba linabaki tupu kama mpunga uliozolewa na mafuriko, na kila mkulima wa huku anajua kwamba maji yakikauka, linaloota kwanza ni gugu. Bakteria waliojificha ndani ya mashina ya nywele na tezi za jasho huibuka ndani ya siku mbili hivi. Kufikia mwisho wa wiki huingia wakali zaidi, kama Pseudomonas, apendaye unyevu, ambaye usaha wake huwa na rangi ya kijani. Mavi ya ng'ombe yalikuwa mbegu za magugu zilizopandwa kwa mkono. Ndani yake huweza kuwamo hata mbegu za pepopunda.

Siku ya tatu tumbo la mtoto likajaa, akaanza kuhara. Bibi alisema maziwa na mayai huleta usaha, kwa hiyo mtoto akapewa chai ya rangi peke yake. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu hakuna aliyeona tumbo lina uhusiano gani na bega.

Mtu akiungua sehemu kubwa, mwili huipeleka damu kwenye moyo na ubongo, na utumbo hupunjwa. Ukuta wake huanza kuvuja mapema, ndani ya saa chache. Utumboni nako kuna wenyeji: bakteria wanaokula nyuzinyuzi za chakula na kutengeneza butireti, ambayo ndiyo riziki ya seli za ukuta huo. Baada ya kuungua wao hupungua, na jamii ya E. coli huongezeka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola huko Chicago walieleza mabadiliko hayo mwaka 2015, kwa binadamu na kwa panya. Ukuta ukivuja na wakali wakizidi, huweza kupenya hadi kwenye damu. Ndiyo maana wodi za majeruhi wa moto hujitahidi kumlisha mgonjwa kwa njia ya tumbo mapema, ndani ya siku ya kwanza ikiwezekana. Chakula kinachopita utumboni huushikilia ukuta. Kumnyima mtoto yule maziwa kulikuwa kuvunja ua wa pili baada ya ule wa kwanza, ngozi, kuungua.

Siku ya nne baba alileta kapsuli za antibiotiki za dukani. Mbili mtoto alimezeshwa, mbili zilifunguliwa, unga wake ukanyunyizwa kidondani. Antibiotiki hutolewa maambukizi yanapoonekana, kwa dawa iliyochaguliwa na kipimo kilichopangwa. Zikitumiwa ovyo huwafyeka wenyeji waliosalia, nje na ndani, na wale sugu ndio wanaobaki na nafasi.

Siku ya sita kitambaa kilikuwa cha kijani, na mtoto hakuwa akilia tena. Ukimya wa mtoto aliyeungua usikufariji hata kidogo. Walimpakia kwenye bodaboda wakampeleka hospitali. Muuguzi aliyempokea, mkono ukiwa bado kwenye paji lake la moto, aliuliza kwanza lini ameungua, kisha akauliza, "Amekula nini?" Mama aliangalia chini. Kidonda kilisafishwa, akatiwa maji ya mshipa, akachomwa sindano ya pepopunda, na jioni hiyohiyo akaanza kulishwa uji wa maziwa, kijiko kimoja kimoja.

Alipona baada ya majuma mengi. Lakini kidonda kilichokawia kufunga kiliacha kovu nene, nalo likalivuta kwapa. Leo ana miaka sita. Maembe yakiiva, wenzake hunyoosha mikono yote miwili kwenye tawi la chini. Yeye huinua wa kushoto.