KEKI YENYE POMBE NA HAKI YA MGENI

Zamani mgeni wa arusi katika nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba alipokewa kwa kibuyu cha pombe ya nafaka au ya asali. Akipenda alikunywa, asipopenda alishukuru, akampa jirani yake. Kibuyu hakikumficha mtu kitu. Siku hizi, Singida mjini na hata vijijini, arusi haikamiliki bila keki. Maarusi hulishana, kisha huwaita wazazi, wakwe na wasimamizi, wakawalisha kwa mikono yao mbele ya watu wote. Nayo keki, tofauti na kibuyu, haisemi imebeba nini.

Maana waokaji wengine hulowanisha zabibu kavu katika brandi au ramu kabla ya kuzichanganya na unga. Wengine huinyunyizia keki pombe kali ikiisha kuiva, ili ikae siku nyingi na kunukia vizuri. Basi huulizwa: Je, aliyeweka nadhiri ya kuacha pombe ameivunja kwa kula keki hiyo? Na jirani yetu Mwislamu, tumemtendea haki? Jibu lililozoeleka ni fupi: “Msihangaike, moto umekwisha kuikausha pombe yote.” Yafaa tulipime jibu hilo kabla ya kulitegemea.

Ni kweli kwamba kileo huchemka kwenye joto la nyuzi 78, na maji kwenye nyuzi 100. Lakini kileo kilichochanganyika na maji, unga na mafuta hakitoki chote kwa mara moja. Wataalamu wa Marekani walipima jambo hilo katika vyakula mbalimbali, na matokeo yao yalitangazwa mwaka 1992. Walikuta kwamba, kwa kadiri ya upishi, chakula hubakiwa na asilimia 4 hadi 85 ya kileo kilichotiwa. Kwa chakula kilichochanganywa na pombe na kupikwa kwa dakika 30, hukadiriwa kubaki asilimia 35. Kwa saa moja, asilimia 25. Kwa saa mbili na nusu, asilimia 5. Moto basi hupunguza, lakini haumalizi.

Tufanye hesabu. Keki imetiwa mililita 200 za brandi yenye kileo cha asilimia 40; hizo ni mililita 80 za kileo chenyewe. Ikiokwa kwa saa moja, zabaki kama 20. Ikikatwa vipande 40, kila kipande kina nusu mililita. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye kileo cha asilimia 5, ina mililita 25. Yaani mtu angehitaji kula vipande 50, zaidi ya keki nzima, ili kuifikia chupa moja. Lakini mwokaji akinyunyiza mililita 50 nyingine baada ya kuoka, ameongeza hadi mililita 20 ambazo moto haukuzigusa kamwe, na hesabu ya kila kipande yaweza kuwa maradufu.

Kwa mtu mzima mwenye afya, asiyefungwa na ahadi yoyote, hapa hamna dhambi. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba divai si mbaya kwa asili yake. Ubaya ni ulevi, umwondoleao mtu akili aliyopewa na Mungu. Na Bwana wetu alifanya ishara yake ya kwanza arusini Kana, kwa divai. Asitokee mtu wa kuwatisha akina mama kwa ajili ya kipande cha keki.

Lakini hesabu hiyo hujibu swali moja tu: je, kipande hiki chalewesha? Kuna swali la pili, nalo ni zito zaidi: je, nina ruhusa ya kumlisha mwenzangu asichokubali, kwa kuwa tu ni kidogo? Kwa Mwislamu udogo si hoja, kwani dini yake yamfundisha kwamba kileweshacho kwa wingi ni haramu hata kwa uchache. Aliyewahi kufungwa na pombe naye ana hofu ya haki: ladha tu yaweza kuamsha kiu aliyoipiga vita miaka mingi, na wanaotumia dawa ya disulfiramu huonywa na madaktari wajihadhari hata na kileo kilichomo katika chakula. Matt Talbot, kibarua wa Dublin, aliacha pombe mwaka 1884 na kudumu hivyo mpaka kufa kwake mwaka 1925. Nani angethubutu kumdanganya mtu wa namna hiyo mezani?

Tazameni Kanisa lenyewe. Sheria yake yadai divai halisi ya mizabibu kwa Misa. Hata hivyo, waraka wa Roma wa mwaka 2003 ulieleza kwamba padre asiyeweza kunywa divai, kwa ulevi uliompata au kwa ugonjwa mwingine, aweza kuruhusiwa na askofu wake kutumia maji ya zabibu ambayo uchachu wake umesimamishwa. Ikiwa altareni penyewe mnyonge huangaliwa hivi, je, katika ukumbi wa arusi?

Wengine husema: asichokijua hakimdhuru. La hasha! Mgeni asiyejua hana kosa, wala nadhiri yake haikuvunjika. Lakini mwenyeji aliyejua akanyamaza amemnyang'anya haki ya kuchagua. Mtume Paulo, alipoulizwa na Wakorinto juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, alikubali kwamba nyama ni nyama tu. Lakini alikuwa tayari kuiacha milele kuliko kumkwaza ndugu mmoja mwenye dhamiri dhaifu. Chakula kilikuwa kitu kidogo. Ndugu hakuwa mdogo.

Ndugu wasomaji, tiba yake si ghali. Mwenye arusi amwulize mwokaji mapema, na mwokaji aseme kweli. Zabibu kavu hulainika vizuri katika chai ya rangi au maji ya machungwa. Akitaka keki ya brandi, na aitengeneze, lakini iwepo na nyingine isiyo nayo, na wageni waambiwe waziwazi kabla ya kuitwa mbele. Maana aliyeitwa kulishwa hadharani hawezi tena kuuliza; akikataa ataonekana amewadharau maarusi, akikubali ataumia moyoni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tuangalie kwamba mgeni naye apone mikononi mwetu.