"Si Alianza Yeye?"



Vijana wenzangu, utetezi huu tunaujua tangu utotoni. Umepiga mtu, ukiulizwa unajibu haraka: "Si alianza yeye?" Leo tujiulize kwa utulivu: hivi hilo ni jibu kweli?

Tuanze na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inapima makosa haya kwa uzito. Shambulio la kawaida (kifungu cha 240) ni kifungo cha hadi mwaka 1. Shambulio la kudhuru mwili (241) ni hadi miaka 5. Kusababisha madhara makubwa (225) ni hadi miaka 7. Ndiyo maana aliyepigwa hupewa PF3 polisi, ili daktari aandike alichokiona.

Mshtakiwa naye ana haki ya kujitetea. Anaweza kusema hakuwepo, au ilikuwa bahati mbaya, au alikuwa anajihami. Na upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha kosa. Kujihami kunaruhusiwa, kwako na kwa mwenzako, ila kwa nguvu ya kiasi. Ukizidisha, hapo ulipozidisha unawajibika.

Sasa tuseme jamaa amekupiga kofi, anainua mkono tena, unamsukuma. Umejihami. Lakini kama ameshageuka anaondoka, nawe unamfuata na chupa, unalinda nini? Hatari imekwisha. Kilichobaki ni hasira, na jina lake ni kisasi. Kumbe "alianza yeye" inaeleza ugomvi ulivyoanza tu. Haielezi kwa nini wewe uliendelea.

Mt. Thomasi wa Akwino aliliona hili katika karne ya 13. Kwake, tendo la kujilinda laweza kuwa na matokeo mawili: kuokoa uhai wako na kumwumiza anayekushambulia. La kwanza ndilo unalokusudia. Lakini ukitumia nguvu kuliko inavyohitajika, tendo linaharibika. Katekisimu, namba 2263 hadi 2265, inafuata njia hiyohiyo.

Utasema, "Mbona mahakama imeniachia?" Sawa. Mahakama huamua kwa ushahidi, na ushahidi usipotosha ni haki uachiwe. Ila dhamiri haingoji shahidi, yenyewe ilikuwepo. Hati ya kuachiwa huru haiwezi kuchukua nafasi ya kitubio, wala ya kwenda kumwomba radhi uliyemwumiza.

Na wewe unayepigwa, labda nyumbani, labda na mchumba, usidhani kusamehe ni kunyamaza. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu (Yn 18) hakurudisha, lakini hakukaa kimya pia: alimdai aliyempiga aeleze sababu. Kwenda polisi si kukosa msamaha. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukadai haki.

Jioni ya leo, kwenye kutafuta dhamiri, tusiulize nani alianza. Tuulize: mimi nilikuwa nataka nini?

Amani ya Kristo!